Vifungo Sita

Mama Domingas hana ubao. Ana meza ya kukatia nguo,
chaki ya fundi, pasi ya makala,
na kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo.
Anapanga sita mbele yangu kama mtu anayegawa karata.
Cheusi: eu. Cheupe: tu. Cha koti la polisi: ele.
Nós kimemeguka ukingo.
Vós anakiinua kwenye mwanga, anakirudisha kopeni.
"Hicho hakuna anayekivaa tena."
Cha mwisho, eles, ni kikubwa, cha koti la baridi.
"Wao siku zote ni wanene kuliko sisi."

Nilitoka Ndola na Kiingereza cha shule ya masista,
kilichopigwa pasi mbele na nyuma.
Kampuni inafungua ofisi Lobito;
atakayejibu simu kwa Kireno ndiye atakayepelekwa.
Nina miezi mitatu, daftari la kurasa tisini na sita,
na ulimi unaojikwaa kwenye meno kila nifikapo kwenye não.
"Ipitishe puani," anasema, "kama moshi."

Kiingereza changu kina kuwa kumoja tu,
msumari mmoja ukutani, na juu yake natundika
jina langu, uchovu wangu, mvua, Jumanne.
Kireno kina misumari miwili.
"Sou ni kile usichokivua ukienda kulala.
Estou ni kile unachokivua."
Naandika: sou Mukuka. Estou cansada.
Na nyinyi wa hapa Katuba, namuuliza, mnasemaje?
Anacheka mpaka sindano inamtoka mdomoni.
"Sisi tunasema niko.
Niko fundi. Niko mjane. Niko na njaa.
Huku kila kitu ni nguo ya kuvua."

Umeme unakatika. Jirani anapiga kelele ya kawaida.
"Pois é," anasema Mama Domingas, gizani.
Maana yake nini?
"Haina maana. Ni mlango unaouacha wazi
ili mwenzako aendelee kulalamika."
Nikaitumia kesho yake kwa muuza bitoyo,
kwa dereva aliyekwama siku nne Kasumbalesa,
kwa bosi.
Inafanya kazi.

Kwa wiki mbili nilimwambia obrigado, kama mwanaume.
Hakunisahihisha.
Alikuwa anasubiri, alisema baadaye, kuona ndevu zitaota lini.

Mvua ya Novemba ikaja juu ya mabati
siku ile ya wakati uliopita.
Akaandika kwa chaki juu ya kitambaa cheusi cha sare:
kwenda, eu: fui.
Kuwa, eu: fui.
Nikamwambia, mama, umerudia, hapo umekosea.
Akapuliza makala. Majivu yakatua kwenye nywele zake
na hakuyapangusa.
"Sijakosea. Fui professora.
Luau, darasa la tatu, watoto arobaini na mmoja.
Fui a pé. Kwa miguu, mpaka Dilolo,
hii cherehani kichwani, gurudumu lake mgongoni pa dada yangu."
Sasa mtu atajuaje ni ipi?
"Sikiliza neno linalofuata."
Na kama hakuna linalofuata?

Akageuza sare upande wa pili, akapitisha pasi.
Ile chaki ikafutika taratibu,
kwanza kwenda, kisha kuwa, kisha yale maneno mawili yaliyofanana.
"Fui," akasema tu, na hakuongeza kitu,
na mimi sikuuliza tena,
mvua ilikuwa inapiga kelele za kututosha.

Alhamisi tuna ficar. Kubaki.
Amenituliza: ni kitenzi mpole, kina adabu,
kinafuata kanuni kwa tu, kwa ele, kwa wote.
"Ila jana yake, c inageuka kwa eu peke yake. Fiquei."
Njiani kurudi, chini ya lile bomba refu la kiwanda,
natia mkono mfukoni kutafuta nauli
na kukuta kifungo cheusi.

Sijui nilikichukua au alinitilia.